Kodi Yetu Tuiweke kwa Nani?

Vitabu husema msimbo. Vijana wanaoandika programu husema kodi, na hapa Lodwar sijawahi kumsikia mtu akisema "hebu nione msimbo wako." Kwa hiyo siku Fundi aliponipigia kutoka Kakuma, kwa ile sauti yake ya juu kana kwamba mtandao husikia vizuri ukifokewa, akauliza, "Dada, hii kodi yetu tutaiweka kwa nani?", mama tuliyekuwa tumeketi naye kwenye kibanda cha chai alinitazama kwa huruma. Alidhani mwenye nyumba ametubana.

Hakuwa mbali sana na ukweli. Unapotoa programu huria, yaani ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuitumia na kuibadilisha, lazima uchague pa kuiweka, na hapo unapoiweka pana mwenyewe. Ana masharti yake. Anaweza kuuza nyumba na wewe ukiwa ndani. Anaweza pia kusimama mlangoni akakuuliza unatoka nchi gani.

Sisi ni watatu. Mimi ni wa hapa Lodwar. Fundi ni Mkongo wa Kivu Kusini, anatengeneza simu kwenye kibanda cha mabati ndani ya kambi ya Kakuma, na hakuna anayemwita kwa jina lingine. Mwalimu ni Mtoposa wa upande wa Kapoeta, Sudan Kusini, anafundisha shule ya msingi hukohuko kambini. Tunachotengeneza ni kitu kidogo: kamusi ya Ng'aturkana na Kiswahili inayofunguka kwenye simu bila bando. Ni ya mama anayeuza makaa na mama anayenunua. Ni ya nesi na mgonjwa. Orodha ya maneno, programu fupi ya kuyatafuta, basi.

Ilianza na daftari la Fundi. Alikuwa akiandika maneno anayoyasikia kwa wanawake wa Kiturkana wanaoleta kuni na makaa kambini, kwa sababu alichoka kuelekeza kidole. Mwalimu akaliona lile daftari akacheka, halafu akaanza kulisahihisha. Kitoposa na Kiturkana ni ndugu wa toka nitoke. Weka hapo Wakaramojong na Wajie wa Uganda na Wanyangatom wa Ethiopia, utapata jamii nzima inayojiita Ateker, watu wanaosikilizana lakini wamekatwa na mipaka ya nchi nne. Mimi nikaingia kwa sababu najua kuandika programu, na kwa sababu, nitasema ukweli, nilikasirika kidogo kwamba wageni wawili wanaitengenezea kamusi lugha ya bibi yangu wakati sisi wenyewe tumekaa.

Mwanzoni tulitumiana mafaili kwa WhatsApp. Kamusi mpya. Kamusi mpya 2. Kamusi ya mwisho. Kamusi ya mwisho kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kuandika chochote na wenzake anaijua njia hiyo inaishia wapi, kwa hiyo nikawafundisha Git.

Git ilitengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005, baada ya kampuni iliyokuwa ikiwapa watengenezaji wa Linux chombo cha bure kuamua kukichukua. Yaani Git yenyewe imezaliwa na ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba. Ndiyo maana imeundwa vile ilivyo: kila mtu hubeba nakala kamili ya kazi pamoja na historia yake yote, nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini. Simu ya Fundi ikiwa na nakala, laptopu yangu ikiwa na nakala, hakuna aliye mkubwa. Hiyo ni Git. GitHub, GitLab, Codeberg na wenzao ni majukwaa: mahali pa kukutania, penye mlango, kitabu cha wageni na uwanja wa kubishania. Watu wengi huchanganya hivi viwili, na kuchanganya huko kuna faida kwa mwenye jukwaa.

Mimi nilitaka Codeberg. Nilikuwa nimeshaamua kabla hata hawajauliza. Codeberg ni chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin mwaka 2018. Kinaishi kwa michango, wanachama wanapiga kura, na kinapokea miradi huria. Hakuna matangazo. GitHub ilianza 2008, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Mwaka 2021 ikaja na Copilot, mashine inayoandika msimbo baada ya kufunzwa kwa msimbo ambao watu walikuwa wameuweka hadharani, na mwaka uliofuata shirika la Software Freedom Conservancy likatoa wito kwa miradi huria ihame. Nilikuwa na hoja zote mfukoni. Maneno ya bibi zetu hayawezi kwenda kunenepesha kampuni ya Marekani. Niliisema sentensi hiyo kwa sauti, na niliipenda.

Nilikuwa na hoja nyingine pia, ya wenye nyumba waliofunga. Ukitoka Lodwar kwenda Kakuma utaona vibao vya miradi kando ya barabara, nembo za wafadhili zimeliwa na jua, na nyuma ya kibao hamna kitu. Mradi ukifa Turkana, kibao ndicho hubaki. Mtandaoni hata kibao hakibaki. Google Code ilikuwa ya Google, nani angedhani itafungwa? Ilifungwa Januari 2016. Gitorious ilikwenda 2015. Bitbucket iliacha kuhifadhi miradi ya Mercurial mwaka 2020, na waliokuwa hawajahamisha mizigo yao wakakuta imefutwa.

Halafu kuna mlango. Januari 2010 SourceForge, ambayo wakati huo ilikuwa bado sokoni kuu la programu huria duniani, ilianza kuwafungia watu wa nchi tano kwa sababu ya vikwazo vya Marekani: Kuba, Iran, Korea Kaskazini, Syria na Sudan. Sudan Kusini haikuwa imezaliwa, ilipata uhuru Julai 2011. Kwa hiyo mtu aliyeketi Kapoeta mwaka huo, kama angekuwa na kompyuta na mtandao, angehesabiwa yuko Sudan na kufungiwa. Mtu wa lugha ileile aliyeketi upande wa pili wa mpaka wa Nadapal angepakua anachotaka. Mashine haikuuliza unaongea nini. Iliangalia anwani ya mtandao tu. Baada ya siku chache walilegeza, wakawaachia wenye miradi waamue wenyewe, lakini mfano ulikuwa umeshawekwa. Julai 2019 ikawa zamu ya GitHub: watumiaji wa Iran, Syria na Crimea wakaamka wakakuta sehemu za akaunti zao zimefungwa. Wakubwa wa kampuni walieleza kwamba kigezo ni mahali mtu anapoishi, si uraia wala asili yake. Mapema 2021 GitHub ikapata kibali cha serikali ya Marekani kuwafungulia Wairani.

Nilimsimulia Mwalimu haya yote nikitegemea atasimama upande wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ukiwa mkimbizi Kakuma, mtandao unakuhesabu Mkenya." Akacheka sana. "Ni huo peke yake."

Fundi ndiye hakucheka. Alitaka GitHub na hakutaka kuzunguka. "Dada, weye uko na kitambulisho," aliniambia. "Kule kwako Berlin ni kuzuri, sikatai. Lakini watu wa kazi hawapitaka kule."

Ngoja niieleze hoja yake vizuri, kwa maana mwanzoni niliisikia vibaya, nikadhani anazungumzia umaarufu. Mkimbizi wa Kakuma hatoki kambini bila kibali cha safari. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtambulia haki ya kufanya kazi, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unaahidi kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kawaida, lakini kati ya sheria na mwajiri kuna foleni ndefu ya karatasi. Mwaka huohuo wa 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa vibaya, na kibanda cha simu kinategemea wateja ambao nao wanategemea mgao. Kazi ambayo Fundi anaweza kuipata bila kuomba ruhusa ya kupita kizuizi ni kazi inayopita kwenye waya. Na wanaotoa kazi hiyo, wawe Nairobi au Amsterdam, hawaombi cheti. Wanaomba kiungo cha GitHub. Wanafungua ukurasa wako, wanatazama vile viboksi vya kijani vinavyoonyesha siku ulizofanya kazi.

Huku kwetu hoja hiyo si ngeni. Vijana wengi wa Turkana waliojua kompyuta walipitia Learning Lions, na kampasi yao iliyo kando ya Ziwa Turkana, ile aliyoibuni Francis Kéré ikakamilika 2021, yenye minara mirefu ya kupitisha hewa iliyoiga vichuguu, ilijengwa kwa wazo hilohilo: kaa hapa, uza kazi yako mbali. Mimi mwenyewe nala kwa wazo hilo. Viboksi vyangu vya kijani vipo GitHub, vya miaka kadhaa. Nilipokuwa nikimhubiria Fundi habari ya Berlin, CV yangu ilikuwa imelala salama kwa Microsoft.

Hakuna aliyenitupia hilo usoni. Nililiona usiku, nikitazama dari.

Tulikaa na swali hilo wiki kadhaa, na kwa kuwa hatukuelewana kwa maneno tukaanza kujaribu vitu. Wazo la kwanza lilikuwa tuwe wenye nyumba sisi wenyewe. Ile programu inayoendesha Codeberg, Forgejo, ni huria. Unaweza kuiweka kwenye kompyuta ndogo kama kiganja, ukaichomeka nyumbani kwako. Mwalimu alilipenda wazo. Mimi nikapiga hesabu: joto la Lodwar, vumbi, umeme unaokatika, na nani ataamka saa nane usiku ikizima. Tukafikiria kukodi seva nje ya nchi. Huduma tuliyoiendea ikaomba kadi ya benki, hata kabla ya kutoza senti, eti kuthibitisha kwamba anayejisajili ni mtu halisi. Fundi alikuwa anajaza fomu. Hana kadi. Ana M-Pesa kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kama watu wengi anaowajua kambini. Aliisoma ile sentensi mara mbili, akaniandikia: "Sasa mimi ni nini?" Akaweka na kile kikatuni cha kucheka.

Ningeweza kulipa kwa kadi yangu. Nilijitolea. Ni hapo Mwalimu, ambaye huongea polepole, aliposema neno lililonimaliza. Alisema kama seva iko kwako, au imelipiwa na wewe, basi kamusi ni yako na sisi tumekusaidia. Hakuwa anagombana. Alikuwa anaeleza tu jinsi mambo yanavyokwenda: mwenyeji ana kitambulisho, ana kadi, ana ufunguo, na mkimbizi anashukuru. Wamekaa katika mpangilio huo miaka mingi, kambi ipo tangu 1992. Nilikuwa nakimbia mwenye nyumba wa Marekani ili niwe mwenye nyumba mimi.

GitLab tuliiangalia pia. Ina hadithi moja ambayo Mwalimu aliipenda kuliko programu yenyewe. Dmytro Zaporozhets alipoianzisha mwaka 2011 alikuwa anaishi kwenye nyumba isiyo na maji ya bomba huko Ukraine, kila siku anakwenda kuteka kisimani, na kampuni husimulia kwamba kukosa chombo kizuri cha kufanyia kazi na wenzake kulimsumbua zaidi kuliko safari ya maji. "Huyo hajateka maji Turkana," Mwalimu akasema, na mjadala wa GitLab ukaishia hapo. Najua si haki.

Jambo la pili lililonigeuza ni jina.

Kila badiliko ukilihifadhi katika Git, linaandikwa jina na barua pepe ya aliyelifanya. Si jukwaa linaloandika, ni wewe, kwenye mashine yako. Hakuna anayekudai kitambulisho. Na likishaandikwa limeandikwa, kwa sababu kila badiliko hubeba alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo na yote yaliyotangulia. Ukigusa jina la zamani, alama zote zinazofuata zinabadilika, na kila mwenye nakala atajua kuna mtu ameshika.

Jina la Fundi kwenye karatasi zake si jina lake. Karani aliyemsajili siku anaingia aliandika alivyosikia, herufi moja ikageuka, jina la baba likatangulia, na tangu hapo yeye ndiye mtu huyo. Kubadilisha ni safari ya ofisi hadi ofisi. Nilipomwonyesha pale pa kuandika jina alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. "Naandika lolote?" Lolote. Akaandika jina lake kama anavyoitwa kwao, majina matatu, kwa tahajia ya mama yake. Mwalimu kwa upande wake hataki jina lake halisi lionekane popote mtandaoni, ana sababu zake na hatukuuliza. Aliandika Mwalimu. Kuna faili dogo liitwalo mailmap linaloieleza Git kwamba jina hili na lile ni mtu mmoja, ili siku akitaka kujitaja kazi zake zikusanyike, na akitaka kunyamaza anyamaze.

Nikaona basi kwamba Fundi hakuwa anaomba viboksi. Alikuwa na mahali pamoja duniani ambapo jina lake limeandikwa sawasawa na lina kazi kando yake, na alitaka mahali hapo pawe pale watu wanapopita.

Tukaenda GitHub. Nimeandika sentensi hiyo fupi makusudi, kwa sababu rafiki zangu wa programu huria Nairobi walinipigia kunilaumu, na jibu langu kwao ni kwamba msimamo ni kitu kizuri kwa mwenye nauli.

Lakini hatukuingia kichwa kichwa. Mradi hauko kwenye akaunti yangu wala ya mtu yeyote, tumeufungulia shirika lake lenye wenyewe watatu, na yeyote kati yetu akipotea wawili waliobaki wana funguo zote. Kupotea si neno la kutisha huku, ni la kawaida. Mtu anaitwa kwenye mahojiano, karatasi zinaiva, anapandishwa ndege. Fundi anasubiri. Akienda Canada kesho simu itabadilika, laini itazimwa, na kama mlango wa kamusi uliwekwa kwenye laini hiyo, kwaheri.

Hapa niseme kidogo juu ya kuingia kwa hatua mbili, maana GitHub ililazimisha kuanzia 2023 na watu wengi kambini iliwakwama. Usitumie SMS. Kuna programu zinazotoa namba sita zinazobadilika kila sekunde 30, na simu huzikokotoa yenyewe kutokana na siri iliyopewa siku ya kwanza na saa iliyo ndani yake. Haihitaji mtandao wala laini. Inachohitaji ni saa sahihi, na Fundi, aliyeona simu mia zinazorudi mwaka 1970 kila betri ikiisha, ndiye aliyetuambia hilo. Halafu kuna zile nywila za dharura. Sisi tulizinakili kwa kalamu. Zake ziko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za usajili, ndicho kitu cha kwanza mtu wa Kakuma hushika nyumba ikishika moto au mto ukijaa.

Codeberg tumeweka kioo. Kila wiki nakala nzima inakwenda kule, na mtu asiyetaka kugusa Microsoft anaweza kuichukua huko na kutuletea mchango wake. Berlin wakifunga, iko Marekani. Marekani wakifunga mlango, iko Berlin. Wakifunga wote, kuna Probox.

Probox ndiyo sehemu ninayoipenda. Git ina amri iitwayo bundle inayokunja historia yote ikawa faili moja. Unaliweka kwenye flashi, unampa dereva, naye akifika stendi ya Kakuma baada ya kilomita 120 hivi anaiacha kwa muuza mandazi, na Fundi anaifungua kama vile ameivuta kutoka kwenye seva. Mabadiliko yake yanarudi kwa njia hiyohiyo. Tulifanya hivyo wiki ambayo bando lilimshinda, na haikutugharimu kitu zaidi ya salamu. "Ejok?" "Ejok nooi." Hakuna jukwaa duniani lenye masharti mafupi namna hiyo.

Kuna kitu hakuna aliyetutahadharisha, na kwangu ni kikubwa kuliko mengi yanayosemwa katika kulinganisha majukwaa: mabishano hayamo ndani ya Git. Msimbo na maneno vinabebeka, lakini ule uwanja wa kuripoti makosa na kujadiliana ni mali ya jukwaa. Ukihama unaacha nyuma sababu zote. Na kamusi ni sababu tupu. Tulibishana siku tisa juu ya ng'. Ng'akipi, maji: tuandike kwa kibainishi kama Kiswahili, au kwa herufi ŋ wanayotumia wanaisimu? Ukichagua kibainishi, simu inaandika kilichopinda na kompyuta inaandika kilichonyooka, kwa jicho ni kilekile, kwa mashine ni vitu viwili, na mtu anatafuta maji anaambiwa hakuna. Turkana anaambiwa hakuna maji! Halafu ile i ya mwisho. Katika Ng'aturkana vokali nyingi za mwisho wa neno hunong'onwa tu, mgeni hazisikii kabisa, na daftari la Fundi lilikuwa limeziacha zote. Mwalimu akasema ziandikwe. Fundi akasema kamusi ni ya anayesikia kama yeye. Tuliamua zote mbili zikubalike katika kutafuta, ya Mwalimu ndiyo ionekane. Uamuzi huo, na hoja za kila mmoja, hatukuuacha uwanjani. Tumefungua faili ndani ya mradi liitwalo MAAMUZI, na kila ubishi ukiisha mmoja wetu anauandika humo, kwa Kiswahili, pamoja na jina la aliyeshindwa. Fundi anaongoza.

Bado kuna jambo moja hatujalimaliza. Mwalimu ana rekodi za sauti. Ni wanawake wazee wa Kiturkana wa upande wa Kalobeyei wakitamka maneno ya mifugo, rangi za ng'ombe na ngamia, majina ya mimea, na mmoja wao kila akimaliza neno anaongeza kisa ambacho hakuna aliyemwomba. Zingeifanya kamusi iwe hai. Git haipendi mafaili mazito ya sauti, lakini hilo ni la kiufundi, linatatulika. Zito ni jingine. Kodi ni yetu watatu, tuliamua kuiweka hadharani tukijua hadharani ni nini. Wale mama walimruhusu Mwalimu awarekodi kwa ajili ya watoto wa shule. Hakuna aliyewaeleza kwamba sauti ikiwekwa pale, mashine ya mtu wasiyemjua inaweza kujifunza kuongea kama wao, na mimi sijui hata kwa Ng'aturkana ningeanzia wapi kueleza. Fundi anasema tuwaulize. Mwalimu anasema watasema ndiyo kwa adabu, na ndiyo ya adabu si ndiyo.

Kwa sasa rekodi ziko kwenye flashi, kwenye droo yangu hapa Lodwar, nakala nyingine kwa Mwalimu. Jumamosi nitapanda Probox twende Kalobeyei naye. Tumenunua sukari na majani ya chai.